Sahani Niliyoomba kwa Mama

Nimechoka kuulizwa dawa. Kila nikipita sokoni Bukoba hakosi mtu wa kunishika mkono, akanipandisha na kunishusha kwa macho, kisha akaninong'oneza: "Mama Alinda, umekunywa nini ukapungua hivyo? Nielekeze na mimi." Nikimjibu kwamba nilipunguza ndizi nikazidisha mchicha, ananuna, anadhani namnyima. Wengine hawaulizi kitu. Wanatikisa kichwa na kusema pole, na maana ya pole yao naijua. Basi naandika mara moja, anayetaka asome, mimi nirudi kwenye cherehani changu.

Mimi ni Koku, fundi wa nguo, naishi Nyanga na mume wangu Projestus, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka jana nilikuwa na kilo tisini na saba na sikuwa na malalamiko. Kwetu mwanamke mnene ni sifa ya nyumba nzima, maana yake mume analeta na kibanja, yaani shamba la migomba, kinazaa. Projestus akiniona nasitasita mbele ya chakula alikuwa akisema, "Kula mke wangu, mwili haujengwi kwa matofali." Na mimi nilikula.

Shida ililetwa na viatu. Wakati wa mvua za masika, siku chache baada ya Pasaka, nilivaa viatu vipya kwenda harusini Kashozi. Nilipovua nikakuta damu ndani ya kiatu cha kulia, kidole kidogo kimechubuka vibaya, na sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Hapo ndipo ilinipasa nishtuke. Lakini nilifurahi, nikasema afadhali hakiumi, nikafunga kitambaa nikaendelea na kazi. Mpaka mvua zinaelekea kwisha kile kidonda kilikuwa bado kibichi na kimeanza kunuka. Alinda, binti yangu, ndiye aliyesema wazi kwamba chumbani kuna harufu. Niliumia kuambiwa vile na mtoto niliyemzaa, lakini ndiye aliyenipeleka hospitali.

Wakapima, wakakuta sukari na shinikizo la damu, vyote viwili, tena vya siku nyingi.

Kuanzia hapo Jumatano zangu zikawa za benchi. Anayelijua benchi la kliniki ya sukari hahitaji kusimuliwa. Mnafika alfajiri bila kula, kadi zinapangwa, mnakaa. Harufu ya chai na chapati inatoka upande wa kantini na hakuna anayethubutu kuizungumzia. Watu wanaulizana namba zao kama watoto wanaoulizana alama za mtihani: "Wewe leo ngapi?" "Kumi na mbili." "Afadhali yako." Mzee mmoja asiye na mguu wa kushoto alinitazama kidole akasema, "Na mimi nilianza na hapo hapo," halafu akageukia upande mwingine. Sikumpenda mzee yule. Ila kulikuwa na mama wa Kemondo, sijui hata jina lake, ambaye kila Jumatano alinisogezea kikapu chake niweke mguu juu. Hatukuzungumza sana. Kile kikapu nakikumbuka kuliko vidonge vyote nilivyopewa.

Mizani ilikuwa palepale mbele ya benchi. Nesi Levina, ambaye ndiye aliyetusimamia, alinisomea kilo zangu kwa sauti, na benchi zima likasikia.

Daktari hakunizungusha. Alisema, "Mama, dawa utapata. Lakini sukari isiposhuka, na uzito usipopungua, kidonda hiki hakitafunga. Kisipofunga tutakiondoa kidole kabla hakijaharibu mguu." Mguu huo wa kulia ndio ninaokanyagia cherehani. Nilimwambia hivyo, kana kwamba ningemshawishi. Akasema ndiyo maana ananiambia mapema.

Nesi Levina ndiye aliyenifundisha kula, nikiwa na miaka arobaini na sita. Alichukua sahani ndogo akaigawa kwa kidole: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ndizi. "Ndizi ni chakula kizuri, hakuna aliyekuambia uache," alisema. "Lakini ngumi yako moja, mama, si ngumi za ukoo mzima." Soda basi. Chai bila sukari. Kula kabla giza halijaingia. Kutembea alinikataza mpaka kidonda kifunge, na cherehani vilevile, kwa hiyo nilibaki na mdomo tu wa kufanyia kazi. Akamaliza kwa neno ambalo sikulitilia maanani siku ile: "Na kula kwenye sahani yako mwenyewe, ili uone unachokula."

Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya. Sitaki kumdanganya mtu. Kichwa kiliuma, nikawa mkali bila sababu, nikimwona mtoto anakula andazi naona kama ananitukana. Mhaya akila wali na samaki na kachumbari bado anauliza chakula kiko wapi, kwa sababu kama si ndizi hajala. Nami tumbo langu liliniuliza hivyo kila siku. Niligundua mambo ya aibu. Niligundua kwamba ninapopika nilikuwa nakula sahani nzima kwa kuonja tu. Kwamba mabaki ya watoto yote yalikuwa yakiishia kwangu, mimi ndiye nilikuwa pipa la nyumba. Nikaanza kutia mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka chupani. Nikajifunza kupika nyanya chungu na mchicha mwingi, dagaa wa kuchemsha, na kunywa maji kabla ya kugusa chakula. Projestus alisema tutakula wote hivyo hivyo, kwa upendo. Upendo ulidumu siku tatu. Siku ya nne nilikuta makombo ya chapati kwenye mfuko wa koti lake la shule, nikacheka, halafu nikalia.

Kilo zilishuka. Pete ikalegea, nikaihamishia kidole cha kati. Mashavu yakaanguka, ngozi ya shingo ikalegea, mifupa ya mabega ikatokea ambayo sikuwa nimeiona tangu niolewe. Sikupendeza. Wanaosema ukipungua unakuwa msichana wanasahau kwamba ngozi haipungui. Magauni yangu niliyabana mara mbili kwa mkono, nimekaa kitandani, kwa kuwa cherehani nilikatazwa.

Hapo ndipo watu walipoanza. Mteja wangu mmoja wa siku nyingi alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata. "Pumzika kwanza, dada," aliniambia, na alikikunja bila kunitazama. Projestus alirudi kutoka shuleni ameinamisha kichwa. Nilimuuliza ana nini.

"Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema. Mwalimu mwenzangu ameniuliza kama na mimi nimepima."

Kwa msomaji asiye wa Kagera, nieleze. Nilipokuwa mtoto, UKIMWI ulipita huku ukazima nyumba moja baada ya nyingine, na ulianza kwa mtu kukonda. Leo dawa zipo, watu wanaishi nao na wanazeeka, lakini macho yetu hayajasahau. Anayekonda huku anapewa pole kwanza, maswali baadaye.

Kiangazi kilipokolea nilikuwa nimeshuka kilo tisa na kidonda kilikuwa kimeanza kuota nyama nyekundu pembeni. Nesi Levina alinipigia makofi mbele ya benchi. Lakini nyumbani sikupata kupumzisha mguu, wateja wanabisha hodi, kazi zinaniita. Nikaamua kwenda kwa mama yangu Kamachumu, kule Muleba, nikalale mguu ukiwa juu ya mto.

Mama ana miaka sabini na kitu, anaishi na mke wa kaka yangu, Verdiana, na watoto wao. Aliponiona nashuka kwenye gari alishika mdomo kwa mikono miwili. Nilimweleza yote njiani: sukari, kidole, mizani. Aliitikia "ee, ee," kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa akiweweseka.

Kwa mama hakuna sahani wakati wa kula. Linatandikwa jani la mgomba juu ya mkeka, ndizi na maharage vinamwagwa katikati vikitoa moshi, mnanawa, mnazunguka, kila mtu anakula upande wake. Na mama ana tabia ambayo wengi mtaitambua kwa mama zenu. Yeye mwenyewe hali, anasogeza. Mkono wake unachota kule kwake, unasukuma ndizi laini na maharage mazuri mpaka mbele yako, wewe unakula, unageuka, kilima kiko palepale. Nimelelewa na mkono ule. Lakini mbele ya mkono ule hakuna anayejua amekula ngumi moja au sita.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hatujanawa, nilimwambia mama, "Mae, naomba sahani. Ndogo tu."

Verdiana aliinuka. Mama akamkataza kwa mkono. "Sahani ya nini? Umegombana na nani hapa?"

"Sijagombana, Mae. Ni masharti ya hospitali."

Alikwenda mwenyewe kabatini, akaleta sahani ya wageni, ile anayopewa padri akija kubariki nyumba. Akaiweka mbele yangu taratibu, akarudi upande wake wa jani, na hakula. Alisema ameshiba. Kesho yake vilevile. Watoto wa kaka walikuwa wananitazama mimi na sahani yangu, wanamtazama bibi yao. Siku ya tatu nilishindwa. Niliirudisha sahani kabatini, nikakaa kwenye jani, na mama akaanza kusogeza. Alitabasamu mara ya kwanza tangu nifike.

Hilo kosa ni langu, simsingizii mtu. Na la pili pia ni langu. Mama alikuwa akikamua juisi ya ndizi mbivu, ile inayokamuliwa kwa nyasi kabla haijachachuka kuwa pombe ya rubisi. Aliniletea kikombe kila asubuhi na kila jioni. "Hii haina sukari hata punje, mwanangu. Ni ndizi tupu." Nami, mtu niliyekalia benchi la Jumatano miezi miwili, nilijiambia kweli, sukari ni ile ya dukani. Nilitaka kuamini. Ilikuwa tamu, na mama alikuwa anasimama kuhakikisha nimemaliza.

Niliporudi kliniki mwezi wa nane, Nesi Levina hakunisomea kilo kwa sauti. Alizinong'ona. Nilikuwa nimepanda kilo tano. Sukari ilikuwa juu kuliko siku ya kwanza. Daktari alifungua kitambaa, na ukingo wa kidonda ulikuwa mweusi.

"Nakupa wiki nne," alisema. "Ukirudi kiko hivi, tunakata."

Sikurudi Nyanga. Nilipanda gari la Muleba moja kwa moja, kidole kikiwa kimefungwa upya, na njia nzima nilirudia kwa hasira maneno nitakayomwambia mama. Nilimkuta mama kwenye kibanja anaondoa majani makavu ya migomba. Hata shikamoo sikumpa.

"Mae, unataka wanikate mguu?"

Aligeuka na kisu mkononi. Nikamwambia yote, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mama yangu. Kwamba juisi yake imenipandisha sukari. Kwamba mkono wake unaoniongezea ndio utakaonikata. Kwamba nimeomba kitu kimoja tu katika nyumba hii, sahani, na amenifanya nijione mkosaji.

Mama aliketi chini, juu ya majani aliyoyakata.

"Unamkumbuka mama yako mdogo Paskazia?" aliuliza.

Nilimkumbuka kidogo. Mdogo wake mama, alikuwa akifanya biashara mjini, akarudi nyumbani amekonda. Nilikuwa darasa la kwanza. Nakumbuka kikohozi chake na gauni la njano.

"Nilimpa sahani," mama alisema. "Sahani yake na kikombe chake. Nilimwekea pale mlangoni pa jikoni, anakula peke yake, na nilivisugua kwa majivu na maji ya moto, tena nikiwa nimefunga mikono kwa majani. Tulikuwa tunaogopa, Koku. Ninyi mlikuwa wadogo, mnakula upande mmoja na mimi. Nikasema akigusa jani letu nitawazika wote."

Hasira yote ilikuwa imeniishia na sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Siku moja aliniomba. Akasema, 'Dada, hata pembeni ya jani? Nitakula ya pembeni tu.' Nikamwambia kesho. Nikamwambia kesho mpaka akafa. Sasa wewe unakuja umekonda hivyo, unaniomba sahani kwa mdomo wako mwenyewe. Nitakupaje?"

Nilikaa naye pale chini. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na yeye vilevile. Tulilia kama watu wanaosaidiana kubeba mzigo, mmoja akipumzika mwingine anaendelea. Nikamwambia tena, polepole safari hii, kwamba huu ni mwili uliozidi na sukari, kwamba nimepima na Projestus amepima, wote hatuna virusi, kwamba sahani ni ya kuhesabia ndizi tu. Nikamwonyesha kadi. Mama hasomi vizuri, lakini aliishika kwa muda mrefu.

Kesho yake, saa ya kula, Verdiana alipotaka kutandika jani mama alimwambia aache. Akatoa kabatini sahani zote za wageni, na zilipopungua akatuma kuazima mbili kwa jirani. "Kama ni sahani," alisema, "basi ni sahani kwa kila mtu." Yeye mwenyewe alikula kwenye sahani, magoti yamekunjwa, maharage yanamwagika kwenye kanga, analaumu kwamba chakula kinapoa upesi. Mkono wake ulinyanyuka mara mbili kuja upande wangu. Mara zote mbili aliurudisha mwenyewe. Nafikiri lile lilikuwa jambo gumu kuliko njaa yangu yote.

Nilikaa Kamachumu wiki zile nne. Ndizi ngumi moja. Mchicha wa kibanjani, mboga ya maboga, maharage bila samli. Juisi alikunywa Verdiana. Niliporudi kwa daktari alikitazama kidole, akakigeuza, akaita mwenzake atazame. "Tusubiri," alisema. Sijawahi kupenda neno la Kiswahili kama nilivyolipenda lile.

Kama wewe unayesoma uko kwenye benchi hilo sasa, sikupi nasaha nyingi, nimechoka na nasaha za watu. Moja tu. Kabla hujabadilisha chungu chako, kaa na wale unaokula nao uwaambie ni kwa nini, na uwaulize wanaogopa nini. Mimi nilianza na mchicha. Ningeanza na mama.

Kidonda kilifunga mwezi wa kumi na moja, wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mji mzima ulikuwa na harufu ya kukaanga. Nilikuwa na kilo themanini na moja, na vidole kumi. Mama alisema lazima aje kliniki aone kwa macho yake, akaja amevaa kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye benchi kati yangu na yule mama wa Kemondo. Nesi Levina alinisomea kilo kwa sauti na benchi likapiga makofi.

Nilidhani mama atafurahi. Alikuwa anatazama bango ukutani, lenye picha ya watu wanaokula pamoja mezani. Nesi Levina alipopita karibu, mama alimshika mkono, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu, mwanangu. Hiyo picha inasema nini?"

"Inasema UKIMWI hauambukizwi kwa kula pamoja, bibi. Wala kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono."

"Hilo nimelisikia redioni," mama alisema. "Nauliza kitu kingine. Zamani je? Ulipoanza. Hata wakati ule?"

Nesi Levina alikuwa na kadi nyingi mkononi, na alikuwa hajazaliwa wakati huo. Alimjibu kwa upole tu, kama anavyowajibu wazee wote. "Hata wakati ule, bibi. Haukuwahi kuambukiza hivyo."

Mama aliuachia mkono wake. Akasema asante. Akajifunga kitenge vizuri, akaniuliza kama tumemaliza, na tukatoka kwenda kutafuta gari la Muleba.